Swali Ambalo Sikuliandika

Riziki mwanangu,

Mama yako amekwisha kukufungia kila kitu, mpaka chumvi, utadhani Walikale hawaijui chumvi. Habari za kusali, za kutolala na nguo mbichi, za kutopanda pikipiki ya dereva aliyekunywa, amekwambia tangu Jumatatu, na kesho asubuhi atakwambia tena ukiwa umekwisha kukaa juu ya hiyo pikipiki. Mimi sina la kuongeza hapo. Umeenda Bihambwe kumuaga shangazi yako, naona mvua imekushika huko, nami nimebaki na meza, daftari la shule na mchana mzima. Nataka kukuandikia jambo ambalo nimelikimbia miaka kumi na mitatu.

Najua umenikasirikia. Siku ulipoleta barua ya kazi ulisimama mlangoni ukaisoma kwa sauti, mama yako akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Sekretere na mtafsiri wa koperative ya wachimbaji wa kasiterite, yale mawe ya bati, huko Walikale. Mimi nilisema "vizuri," nikachukua jembe, nikaenda kuangalia maharagwe niliyokuwa nimeyaangalia asubuhi ile ile. Ulimwambia mama yako kwamba baba anaona wivu kwa kuwa Kifaransa chako kimepita chake. Mwanangu, Kifaransa chako kilinipita ukiwa bado sekondari, na hilo nilishalimeza. Kilichonipeleka kwenye maharagwe ni lile neno, mtafsiri. Niliogopa, nikaona haya kuogopa mbele yako.

Mimi nami nimewahi kuwa mtafsiri. Ilikuwa siku moja tu, tena saa mbili za siku hiyo.

Ulikuwa na miaka tisa. Wachimbaji walikuwa wameanza kutoboa kilima upande wa juu wa chemchemi yetu ya Kanyamazi, wanatafuta koltani, na koperative yao ikaleta karatasi kwa shefu wa kijiji. Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kifaransa. Shefu alituma watu waniite, kwa kuwa nilikuwa nafundisha darasa la tano na hapa kilimani hakukuwa na mwingine wa kuyaweza maneno marefu namna ile. Nilivaa koti. Jua lilikuwa linachoma, nami nikavaa koti la harusi yangu. Wageni walinipa kiti karibu na shefu, wakanipa soda, chupa ya sukre ya baridi, na mpaka leo sijui baridi hiyo waliitoa wapi. Mmoja wao akasema Kifaransa changu ni kama cha mtu wa Kinshasa. Hapo nikawa nimekwisha.

Karatasi ilisema kwamba koperative inaomba ruhusa ya kuweka laverie kwenye chemchemi. Laverie ni mahali pa kuoshea. Mawe yanatoka shimoni yamejaa udongo, unayatia kwenye mfereji, unayamwagia maji mengi, udongo unaenda na maji, ule mchanga mzito mweusi unabaki chini. Wewe leo unaijua kazi hiyo vizuri kuliko mimi. Lakini hata siku ile niliijua kiasi cha kutosha, nilikuwa nimekwisha kuona karyere nyingine, machimbo ya vilima vingine, na mito yake. Neno lenyewe lilikuwa kuosha, na lilikuwa mdomoni. Niliona kuosha ni neno la masufuria na nguo za watoto wachanga, na mimi nilikuwa nimevaa koti. Nikawaambia watu: "Wanaomba ruhusa ya kusafisha pale kwenye chemchemi."

Kwetu, ukisema kusafisha na chemchemi pamoja, kila mtu anasikia salongo. Jumamosi asubuhi, nyumba zote zinatoa mtu mmoja na jembe, tunafyeka majani, tunatoa matope, tunanyoosha bomba, kisha tunarudi kunywa uji. Watu waliokaa pale walielewa hivyo. Mzee mmoja alipiga makofi. Mwingine alishukuru kwa sauti kwamba hatimaye hawa vijana wa mashimo watatusaidia kazi.

Mama yako alikuwa nyuma na wanawake, mdogo wako Amani mgongoni. Aliinua mkono. Shefu hakumuona, lakini mimi nilimuona. Akangoja kidogo, kisha akasema bila kupewa ruhusa:

"Banasafisha maji, ao banasafisha mawe mu maji?"

Riziki, jibu nilikuwa nalo. Lingetosha neno moja, mawe, na mkutano ungeanza upya. Niliwaangalia wageni, mmoja alikuwa anaangalia saa yake. Nikamjibu mama yako kwa ile sauti ninayoiweka kwa mtoto aliyesahau kalamu nyumbani: "Mama Riziki, kusafisha ni kusafisha. Acha tumalize." Wanaume wakacheka. Akaketi, akamweka sawa Amani mgongoni.

Baadaye waliniomba niandike ile karatasi ya mkutano, tunayoiita pevé. Chini yake kulikuwa na mstari wa maswali yaliyoulizwa. Nikaandika néant, yaani hakuna kitu. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, pamoja na kile kimstari juu ya e. Watu wakatia saini, wasiojua kuandika wakatia dole.

Wiki ya pili Kanyamazi ilianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wiki ya nne ilikuwa rangi ya tofali. Wanawake wakawa wanaamka kabla ya kuku ili wawahi kuchota kabla wachimbaji hawajaanza, na waliochelewa waliacha bidoni, madumu yao ya maji, zitulie mpaka matope yashuke, wakamimina maji ya juu pole pole. Huko juu ya chemchemi kulikuwa na hema nyingi na hapakuwa na choo hata kimoja. Mvua ikinyesha, kila kitu kilishuka. Mimi nilikuwa nasema ni majira tu, yatapita. Nilikuwa namwambia mama yako hivyo hata kama hakuniuliza. Kusema ule ukweli, bidoni sikuwa naibeba. Maji mimi niliyakuta nyumbani, ndani ya kikombe.

Kisha ukaugua. Wewe unakumbuka hospitali ya Kirotshe kwa sababu ya mkate na ziwa, umeshatusimulia mara nyingi jinsi ulivyoliona ziwa dirishani ukadhani ni mbingu imeanguka. Hukumbuki safari. Wanaume wanne walikubeba kwa tipoyi, machela ya miti, mpaka barabarani, ulikuwa umekauka midomo na huna tena machozi ya kulilia. Mama yako alitembea nyuma njia nzima. Tulipofika, muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alikuwekea serumu ya mshipani, akaandika jina lako, umri wako, kisha akauliza bila hata kuinua kichwa:

"Uyu mutoto anakunywaka maji ya wapi?"

Mama yako aligeuka akaniangalia. Alikuwa anangoja mimi nijibu, kwa kuwa mimi ndiye mtafsiri. Nikasema Kanyamazi. Muuguzi akaandika Kanyamazi kwenye fishi yako, ile kadi ya mgonjwa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la hospitali, na mpishi mmoja akanipa kiazi akidhani nina njaa.

Hilo sijakwambia kamwe. Ulipona, ukarudi ukawa mtundu kuliko zamani, na sisi wote tukaona ni afadhali kulinyamazia. Lakini maji uliyokunywa yalipita kwenye mdomo wangu kwanza. Nisamehe, mwanangu. Ningetaka kukuomba hilo tukiwa tumekaa pamoja, nimejaribu wiki hii nzima, na kila nikianza najikuta nimekuuliza kama umeshapakia koti la mvua.

Tuliporudi nilijitia ushujaa. Nikaenda ofisini kwa serikali, mimi na mama yako na wazee wawili, kusema kwamba kijiji hakikuelezwa. Yule bwana wa ofisi alitupokea kwa heshima, akatafuta faili, akafungua pevé, akaisoma yote, kisha akaigeuza upande wetu akaweka kidole pale chini.

"Apa baliandika, maswali néant. Mwandiko uyu iko ya nani?"

Nikamwambia ni wangu. Akafunga faili pole pole, na nadhani alinionea huruma. Alisema anaweza kupokea karatasi nyingine kama kijiji kitakaa tena na kuiandika, ila hii haiwezi kujipinga yenyewe. Njiani wazee walitukana serikali. Mama yako hakutukana mtu. Tulipofika kwenye daraja la miti alisema tu, "Kumbe sikuuliza," akavuka. Katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunipiga neno zito kama lile, na hakulisema kwa hasira.

Jumamosi iliyofuata nilienda salongo. Nilifika na jembe kama watu wengine, na nilipowaona wamejaa nikasimama ndani ya matope yale mekundu, nikawaambia neno lilikuwa kuosha. Niliwasomea tena mstari kwa mstari, safari hii kwa Kiswahili cha nyumbani. Nilisema pia kwamba kulikuwa na swali, nikamtaja aliyeuliza na alivyouliza, na jinsi nilivyomjibu. Kijana mmoja niliyemfundisha akasema, "Mwalimu, mu darasa yako iyo ungeipa zero," watu wakacheka, nami nikacheka, kwa kuwa kweli ningempa mtoto sifuri. Nilidhani watanifukuza. Waliniambia niketi chini niandike.

Niliandika mpaka jua likasimama kichwani. Kila swali na jina la mwenyewe. Nani atachimba choo. Ng'ombe watanywea wapi. Shimo likiisha, nani analifukia. Mwanamke mmoja mjane aliuliza kama udongo ulioteremka kwenye shamba lake la mihogo ni mali ya koperative au ni yake sasa, na kama ni yake, aweza kuuza. Lilijaa daftari la kurasa thelathini na mbili. Tukachagua komite ya maji, na wakamchagua mama yako kuwa prezida. Mimi niliyekuwa nimetoka kuomba msamaha hadharani, nilinuna wiki nzima kwa sababu hawakunichagua mimi. Nakwambia hivyo ili usije ukafikiri kwamba mtu akikiri kosa lake moja, mengine yanatoka yenyewe.

Komite ilipokwenda kwa koperative, prezida wao hakuwa mtu mbaya. Alitukalisha kivulini, akatoa ile pevé ya kwanza ikiwa ndani ya plastiki, akasema yeye anafuata iliyoandikwa. "Mama, mulisaini. Karatasi njo hii." Mama yako aliiangalia karatasi ambayo hawezi kuisoma.

"Siye tulisaini Kiswahili," akasema. "Kifaransa hatukusaini."

Yule prezida akaniangalia mimi, kana kwamba nitamwambia mke wangu aketi. Nikafungua daftari, nikamwambia tuanze na swali la kwanza, la Mama Riziki. Tulianza hapo, na tulichukua majira mazima ya mvua kumaliza.

Ulikua ukiyaona matunda yake bila kujua yalitoka wapi. Mfereji wa kuoshea ulihamishwa chini, mbali na Kanyamazi, yakachimbwa mabwawa matatu yanayofuatana, maji machafu yanatulia katika la kwanza, yanaingia la pili, yanatoka la tatu yakiwa meupe kiasi cha kurudishwa mtoni. Hema zikaondolewa juu ya chemchemi na vyoo vikachimbwa upande wa pili wa kilima. Pembeni tukapanda mianzi, ile mliyokuwa mnaikata kutengeneza filimbi nikawachapa, nanyi mkaona baba amekuwa mwenda wazimu kwa ajili ya mianzi. Baada ya mwaka mmoja na nusu maji yalirudi kuwa na rangi ya maji. Hayakurudi yote. Jicho la kushoto la chemchemi lilizibwa na mchanga, na halijafunguka mpaka leo, hata tulipokimbia vita tukarudi na kuchimba tena.

Na lile shamba lililo juu, ambalo maharagwe yake huwa ya njano hata mvua ikiwa nzuri, lilikuwa shimo. Wachimbaji walipoondoka tulilifukia sisi kwa salongo, na hapo tena kuna kosa, ingawa hili ni letu sote. Udongo mweusi wa juu ulikuwa umekwisha kutupwa mtoni siku ya kwanza ya kuchimba, hakuna aliyefikiri kuuweka kando. Tulifukia kwa udongo mwekundu wa tumboni mwa kilima, tukasawazisha, tukapanda, tukafurahi. Haukuota hata mmea wa kuliwa na mbuzi. Mama yako ndiye aliyewaendea wafugaji wa upande wa Nyamitaba kuomba samadi, ikawa inaletwa kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, mzigo baada ya mzigo, miaka. Sasa maharagwe yanatoa, ila yana rangi ile uliyoizoea. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini hayo ni ya njano, nikakujibu ni aina yake. Huo nao ulikuwa uongo.

Sasa unaenda kukaa kwenye kiti nilichokaa mimi. Huko msituni utasoma karatasi mbele ya watu ambao mito yao siijui. Nimesikia wapo wazee ambao bado wanaomba ruhusa kabla ya kuingia kwenye maji fulani, na yapo maji ambayo mgeni haambiwi jina lake. Kwenye ramani ya koperative utayaona ni kamstari ka buluu tu. Sikukatazi kazi hiyo. Nilipotoka kwenye maharagwe siku ile nilikuwa nimeamua kukukataza, nikarudi nikakukuta unamfanyia mama yako hesabu ya kilomita za safari naye anacheka, nikaona haya. Kazi ni nzuri, na ni bora uikalie wewe kuliko mtu mwenye koti.

Siwezi kukupa sheria, sina haki hiyo. Nakwambia tu kinachonitokea mimi. Mpaka leo, hata katika mkutano wa wazazi shuleni, mtu wa nyuma akiinua mkono nasikia ulimi wangu unataka kusema acha tumalize. Haujaacha kutaka. Ninachofanya ni kuweka kalamu kwenye karatasi na kuanza kuandika jina lake kabla hajasema, kwa kuwa nikishaandika jina siwezi tena kuandika néant. Utapata njia yako. Na siku ukikosea, maana utakosea, usingoje mtoto wa mtu abebwe kwa tipoyi.

Mama yako ameingia sasa hivi na majivu mikononi, akauliza naandika nini kirefu namna hii. Nikamsomea yote tangu juu. Alisikiliza amesimama. Kwenye habari ya koti alisema, "Na bado uko nayo, haikutoshi." Kwenye habari ya daraja alifuta macho kwa mkono wa nguo, akajipaka majivu usoni, sikumwambia. Nilipomaliza nilimuuliza kitu ambacho naona sijamuuliza sawasawa tangu siku ya mkutano ule, kama ana swali. Alikung'uta majivu mikononi. Kisha akauliza, nami naliweka hapa kama alivyolisema, na jina lake.

Swali, Mama Riziki: "Kule, Riziki atakunywaka maji ya wapi?"

Jibu: hatujui. Tunangoja wewe utuandikie.

Baba yako